Nili Iliyofuliwa

Rahila alianza kuvianua vitambaa kabla jua halijashuka ukutani. Alivuta kimoja kambani, akakisugua kiganjani, akageuza mkono na kuutazama. Hakuna doa. Akasugua kingine shavuni, kisha akamwita shoga yake aliyekuwa upande wa pili wa kiambaza cha makuti.

"Mahbuba! Hebu nitazame uso. Pana buluu?"

Mahbuba akatokeza kichwa, mswaki mdomoni. "Pana makunyanzi. Buluu sioni."

"Basi vimekubali."

"Si nilikwambia? Chumvi na siki. Bibi yangu wa Kikwajuni alikuwa hajifungi kanga mpya mpaka ilale kwenye chumvi na siki, isuuzwe, ilale tena. Kitambaa kinachotoa rangi ni kitambaa cha mwizi. Ndivyo alivyokuwa akisema, Mungu amrehemu."

Ilikuwa mitandio ya pamba iliyotiwa nili ya buluu, ile wanayojitanda wanawake wa Kiarabu wa bara wanaoshuka bandari ya Matrah na ngamia zao. Rahila hakuwahi kuishona kabla. Tangu afike kutoka Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, riziki yake ilikuwa kanzu za watoto na magauni ya kukaa nyumbani. Lakini siku hizi soko lilikuwa limejaa nguo zilizokwisha kushonwa Bombay, na mchele ulikuwa ukipanda kila meli inapotia nanga. Suud, mfanyabiashara wa nguo wa Soko la Giza, alipomwambia ana mitandio ya harusi ya kupinda na kutia tarizi, hakuuliza mara mbili.

Alipoanza kushona ndipo alipoiona balaa. Nili ilimpaka vidole, ikapaka mto, ikapaka mpaka kanga yake ya kusalia. Alikasirika kwa niaba ya watu asiowajua. Mara ngapi amewaona wanawake wale sokoni, viganja vya buluu, shingo za buluu, akasema moyoni: maskini, wanauziwa vitambaa vibovu na hawana wa kuwasemea. Tena alikuwa na hofu. Mitandio ikimchafua bi harusi, nani atalaumiwa? Bakhit, mtia rangi? Hata. Atalaumiwa mshonaji. Basi akanunua maji kwa mchukuzi wa punda, akanunua tena, akaroweka, akasuuza, akaroweka, mpaka maji yakatoka meupe kama ya kunywa. Hakumwuliza jirani yeyote wa pale Jibru, mtaani kwake. Utamwulizaje mtu jambo ambalo Unguja kila mtoto wa kike analijua?

Sasa alikuwa akiikunja mbio mbio, pindo juu ya pindo. Suud hatoi kitambaa bila ya rehani. Wanawake wengine huacha bangili, lakini bangili za Rahila zilibaki kwa nahodha aliyemvusha. Alichokuwa nacho ni cherehani ya mkono aliyotoka nayo Unguja, kaifunga ndani ya foronya, kaikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Ndiyo iliyomlisha tangu siku aliyoshuka. Hiyo akaiweka rehani kwa kauli, mbele ya msimamizi wa soko: aishonee nyumbani, lakini kazi ikiharibika, cherehani ni ya Suud. Leo mitandio ikipokewa, rehani imekwisha.

"Nitazamie cherehani yangu," akasema, akijitwika furushi.

"Itakwenda wapi? Haina miguu," akajibu Mahbuba, akatema povu.

Soko la Giza lilikuwa limeshaamka. Rahila alipita ubavu ubavu baina ya magunia ya ndimu kavu na wapagazi wanaopiga kelele za kupishwa, mkono mmoja juu ya furushi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Watu wa bara wameingia, wananunua wapate kuondoka.

"Bi Rahila, dada yangu! Sabalkheri!" Suud aliita kabla hajafika. Alipokuwa kijana alikuwa na duka Darajani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka mtu husahau anataka nini. "Njoo, njoo. Wenyewe wameshafika."

Dukani alikuwapo mwanamke mtu mzima wa bara, kavaa barakoa, kakaa juu ya mkeka na magoti kayakusanya. Pembeni yake kwenye benchi alikaa msimamizi wa soko, akinywa kahawa ya Suud kama anavyoinywa kila asubuhi, na askari wake kasimama nje na fimbo.

Mwanamke wa bara alipokea mtandio wa juu. Akapitisha kidole kwenye pindo, pole pole, akaipita tarizi yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Rahila akaanza kupumua. Kisha yule mwanamke akakunja mkono wa nguo yake, akausugua mtandio ndani ya kifundo cha mkono, pale penye mishipa, akapatazama. Akalamba kidole, akapalowesha, akasugua tena. Akautupa ule, akachomoa mwengine kutoka chini kabisa ya furushi. Akasugua.

"Nani kafa?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Hajafa mtu, mama," Suud akacheka.

"Mbona basi mnanipa nguo ya maiti? Hii imeshavaliwa, imeshafuliwa. Haina roho tena." Akanyoosha mkono wake mwenyewe, buluu tangu kucha mpaka kiwiko. "Mwanangu anaolewa. Anatakiwa aingie ndani buluu mpaka kifuani, ngozi yake ipoe, na kila atakayemshika ajue nguo ni mpya. Nimvishe hii, watu waseme tumemwazimia?"

Kiarabu cha Rahila kilikuwa cha kubabaisha, lakini hayo aliyafahamu yote.

Suud akamgeukia, akateremsha sauti, akaingia Kiswahili. "Umevifanya nini?"

"Nimevifua."

"Umevi... nini?"

"Vilikuwa vinatoa rangi, bwana Suud. Nimevitia chumvi na siki. Kama kanga."

"Kama kanga." Suud akakaa juu ya mtumba wa nguo kama aliyekatwa miguu. "Unaona kanga hapa? Hiyo rangi inayotoka ndiyo inayonunuliwa, mwanamke! Mtandio usiotoa ni mkweche!"

"Hukunambia."

"Nikwambie kitu gani? Nikwambie na maji yanalowesha?"

Msimamizi wa soko hakuhitaji kutafsiriwa. Hasara haina lugha. Akauliza, bila ya kuweka kikombe chini, "Palikuwa na kauli?"

"Ilikuwapo, na mbele yako," akasema Suud.

"Kazi imeharibika?"

"Unaiona mwenyewe."

"Khalas. Cherehani ya Suud." Akapunga kikombe, kwisha.

Rahila akapiga magoti, akaanza kuizoa mitandio huku anasema kwa Kiarabu chake kibovu. "Haijaharibika, sheikh! Uzi ule ule, kitambaa kile kile. Rangi inarudishwa. Nipeni mpaka alasiri tu."

Mwanamke wa bara aliinuka, akakung'uta nguo zake. "Sisi tunapakia baada ya alasiri," alisema. "Ikirudi inatoa, nachukua. Pindo zake nzuri, wallahi, sijaona kama hizi."

Suud akamtazama mnunuzi, akamtazama Rahila, akajikuna kidevu. "Haya. Mpaka alasiri."

Rahila alitoka na furushi halijafungwa vizuri. Msimamizi hakusema ndiyo wala siyo. Alikuwa kainamia sahani, anatafuta tende iliyo laini.

Alipita mbio kumwambia Mahbuba kuwa kapewa mpaka alasiri, akashika njia ya banda la nili. Banda lilikuwa ukingoni mwa wadi, ule mto mkavu, mbali na watu kwa sababu ya harufu. Mitungi mikubwa ilikuwa imezikwa mpaka shingoni, na juu yake povu lenye mng'aro wa shaba. Bakhit alikuwa akikoroga mmoja kwa ufito. Alikuwa mzee mwembamba, mikono buluu mpaka juu ya viwiko, kiasi kwamba ukimwona mbali utadhani kavaa soksi za mikononi. Aliusikiliza mkasa wote bila ya kuacha kukoroga.

"Umeifua," alisema.

"Nimeifua."

"Nili yangu."

"Kaka Bakhit, nishakwambia."

Ufito ukasimama. Bakhit akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha kifua, kisha ikambidi akae. "Mimi nimeichovya nikaianika, nimeichovya nikaianika, nikaipiga mpaka ikang'ara kama mgongo wa mende. Wewe ukaenda ukaitia achari!"

"Cheka, ukimaliza nisaidie."

Kiswahili cha Bakhit kilikuwa cha zamani, kizito, alichoachiwa na mama yake. Mama yake aliletwa Matrah akiwa mdogo hata jina la kwao hakulijua. Aliyakumbuka maneno tu, akampa mwanawe hayo. Rahila alilijua hilo. Kwa hiyo aliuliza kwa taratibu.

"Banda hili la nani?"

"La Suud."

"Na nili?"

"Ya Suud."

"Na weye?"

Bakhit akautazama mtungi. "Baba yake aliniacha urithi, pamoja na mitungi. Halishi mtungi, mimi ananilisha. Tofauti yetu ndiyo hiyo."

"Basi usinisaidie. Akijua umetumia nili yake bila ya kumwuliza..."

"Atajua. Nitamwambia rangi ilikuwa imekufa, nikaifufua. Nani agombane na mtu aliyefufua?" Lakini uso wake haukuwa ukicheka tena. Akanyoosha mkono. "Lete. Wale wa bara hawatakwenda zao wakisema nili ya Bakhit haitoi."

Akautumbukiza mtandio wa kwanza, akaukanda chini kwa chini, akautoa. Rahila akapiga ukelele. Ulitoka kijani, kijani cha majani ya mgomba!

"Ngoja," akasema Bakhit. "Mtandio unavuta pumzi."

Na kweli, upepo ulipoupiga, ile kijani ikaanza kukimbia, ikaingia kiza kutoka pembeni kwenda kati, mpaka mtandio wote ukawa buluu na maji ya buluu yanachuruzika mpaka kwenye nyayo zake. Rahila akauchukua, akakimbia kuutandaza juu ya mawe ya wadi. Mawe yalikuwa ya moto hata kukanyaga shida. Kitambaa kilitoa moshi wa mvuke. Akarudi, akachukua mwengine. Ikikauka, anairudisha mtungini. Hakukaa. Kila akipita alikitazama kivuli cha banda kilivyorefuka, akaongeza hatua.

Kisha wakaanza kupiga. Mtandio huwekwa juu ya gogo lililolainika kwa miaka ya kazi ile, ukapigwa kwa nyundo nzito ya mti, yeye huku na Bakhit huku, kwa zamu, bila ya kugongana.

"Usiipige kama unaua nyoka," akasema Bakhit. "Iache nyundo ianguke yenyewe. Uzito ni wake, si wako."

"Jua linakwenda."

"Jua halijali. Wewe ndiye utakayechana kitambaa."

Ngozi ya vidole ikamtoka, nili ikaingia pale pale ilipotoka. Mng'aro ukaanza kuja, kwanza madoa, kisha wote.

Ndipo Mahbuba alipoteremka wadini anakimbia, buibui mkononi, viatu mkononi.

"Rahila! Wamekuja kuichukua!"

"Nani?"

"Mpagazi wa Suud na yule askari wa soko mwenye fimbo. Nikawaambia mwenyewe hayupo. Wakanambia hawamtaki mwenyewe, wanaitaka cherehani."

"Ukawaambia nini?"

"Nikaikalia."

"Ukaikalia?"

"Nikaikalia, mwenzangu, nikajifanya mzito. Wakatuinua sote wawili. Mimi wakaniweka mlangoni, yenyewe wakenda nayo." Mahbuba akaanza kulia, na kwa vile alikuwa hajazoea kulia alikasirika. "Kwani wewe hukunambia umepewa muda?"

"Suud kasema mpaka alasiri!"

"Kasema Suud. Na msimamizi?"

Rahila alikumbuka ile sahani ya tende. Aliinua nyundo, akapiga, akapiga, mpaka Bakhit akamshika mkono. "Umekwisha. Umeshang'ara. Nenda."

Adhana ya alasiri ilimkuta katikati ya soko, furushi kichwani. Watu walikuwa wakifunga maduka nusu mlango waende kusali, na yeye akienda kinyume chao, akipigana vikumbo. Alipofika, mwanamke wa bara alikuwa nje ya duka, mizigo yake imeshafungwa, ndugu yake anamwita kwa hasira waondoke. Hakumjali. Akachukua mtandio, akausugua mkononi. Buluu. Akasugua pale pale kwa mwengine. Buluu ikazidi. Akacheka ndani ya barakoa yake, akanyoosha kidole akampaka Rahila shavuni.

"Haya ndiyo mambo," akasema. "Harusi hii sasa!"

Ndugu yake akalipa kwa Suud, furushi likapakiwa, na sauti zao zikapotea kwenye njia ya lango.

Rahila akaingia dukani. Cherehani ilikuwa nyuma, juu ya meza mpya, na fundi Ishaq, kijana wa Kibaluchi aliyeajiriwa majuzi, alikuwa akiifuta mafuta kwa kitambaa. Msimamizi wa soko alikuwa karudi kwenye benchi lake.

"Cherehani yangu, bwana Suud."

"Dada yangu, kaa kwanza. Kahawa."

"Kazi imepokewa. Umeona kwa macho yako na umelipwa."

"Nimeona na nimefurahi, wallahi. Lakini hukumu ilishatoka." Suud akamgeukia msimamizi kana kwamba yeye mwenyewe hana la kufanya.

"Neno likishatoka mdomoni mwangu halirudi," akasema msimamizi kwa Kiarabu, na Suud akatafsiri neno kwa neno. "Likirudi leo, kesho nani atanisikiliza? Tena nili mliyotia ni ya nani? Mlimwomba nani?"

"Ntailipa kwa mikono yangu. Ntakuja kupiga nguo."

"Kupiga nguo si kazi ya mwanamke," akasema Suud. "Na kwa Bakhit usiwe na hofu, mimi mwenyewe ntamalizana naye leo leo." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetaja chakula cha usiku.

"Bakhit hana kosa. Nimemlazimisha mie."

"Sikukuuliza hilo." Kisha sauti yake ikarudi kuwa tamu. "Sikiliza, Bi Rahila. Mimi si mtu wa kumtupa mtu wa Unguja. Watu wa bara wamezipenda pindo zako, msimu ujao watarudi. Cherehani itakaa hapa, na wewe uje kila asubuhi, ushone hapa hapa. Pana kivuli, pana maji baridi. Ishaq akichoka, zamu yako."

"Nishone kwenye cherehani yangu."

"Kwenye cherehani," akasema Suud, akatabasamu. "Yangu, yako, uzi unajua?"

Msimamizi akaomba aambiwe kinachosemwa, akaambiwa, akaridhika. "Mwambie amshukuru Mungu," akasema. "Wengine hawapewi hata hivyo."

Rahila akaitazama cherehani mezani. Mikono yake ilikuwa buluu mpaka viwiko sasa. Kukataa ni njaa. Kukubali ni kuja hapa kila siku ya Mungu, aombe ruhusa ya kuugusa mkono wa mashine aliyoivusha bahari.

"Niache niitazame basi," akasema. "Isije kuwa wameigonga njiani."

"Itazame, itazame," akasema Suud, ameshaanza kukunja vitambaa.

Ishaq akamwachia kiti, kwa adabu. Rahila akapitisha kiganja juu ya shingo nyeusi ya cherehani, akauzungusha mkono wake nusu duara. Kisha akatelezesha kile kibati kidogo kilichopo chini ya sindano. Ndani yake hulala kichuma chembamba kilichochongwa kama mtumbwi, kinachobeba uzi wa chini. Pasipo hicho uzi wa juu hauna wa kushikana naye. Na Matrah nzima, Rahila alishatafuta, hakuna mwengine mwenye cherehani ya aina ile wala fundi mwenye vyuma vyake. Akakitoa kwa vidole viwili, akarudisha kibati mahali pake.

Alipoinua macho yalikutana na ya Ishaq. Fundi alikuwa ameona yote. Rahila akangoja. Ishaq akageuka, akaanza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Rahila akakifunga kichuma kwenye pembe ya kanga, ndani ya buibui. "Kwa kherini," akasema.

"Kesho asubuhi, eh?" akauliza Suud.

"Mungu akipenda."

Alikuwa hajapita duka la mwuza bizari aliposikia Suud akisema, "Haya Ishaq, anza na hicho cheupe." Mkono wa cherehani ukazunguka. Aliujua mlio ule kuliko sauti ya mtu yeyote aliyebaki naye duniani. Ukazunguka, ukasimama. Ukazunguka tena.

"Nini?" Sauti ya Suud.

"Inatoboa tu," akajibu Ishaq. "Uzi haushiki."

"Anza tena."

Ikaanza tena, haraka zaidi, sindano inagonga, inagonga. Rahila hakugeuka. Kwenye njia panda hakushika ya Jibru. Alishika ya wadi, akaanza kukimbia, maana Suud alisema atamalizana na Bakhit leo leo, na Bakhit alikuwa bado hajaambiwa.